Ukoka wa Kaskazi

Watu wengi hukanyaga nyasi maisha yao yote bila kuziuliza swali hata moja. Sisi walimu tumezikanyaga kuliko wengine, maana kila shule ina uwanja, na kila uwanja una nyasi zake, au walau una mahali palipokuwa na nyasi kabla ya miguu ya watoto kupita. Nilifundisha kwa miaka 33, na 14 ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu. Katika miaka hiyo yote nilisimama mbele ya wanafunzi kila Jumatatu asubuhi nikawahimiza kuutunza uwanja. Lakini elimu yenyewe ya nyasi, yaani namna zinavyokunywa, zinavyolala na zinavyoamka, niliipata baada ya kustaafu, katika kiangazi cha mwaka 2022, nikiwa na umri wa miaka 71. Mwalimu wangu alikuwa mpwa wangu.

Mpwa huyu ni mtoto wa dada yangu mkubwa. Alimaliza darasa la saba mwaka 1983, na karo ya sekondari haikupatikana. Akaenda kubeba mifuko ya wachezaji katika uwanja wa gofu ulio karibu nasi, hapa Pwani ya Kenya. Kutoka kubeba mifuko akapewa jembe, kutoka jembe akapewa mashine ya kukata nyasi, na kutoka mashine akakabidhiwa ufunguo wa nyumba ya pampu. Hivyo ndivyo alivyokuwa mnyapara wa nyasi, cheo ambacho hakina cheti wala mahafali. Uwanja wenyewe sitautaja kwa jina. Yaliyotokea kwetu yangeweza kutokea popote penye bahari upande mmoja na watu wenye kiu upande wa pili.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuingia katika uwanja wa gofu, maelezo machache yatafaa. Uwanja kamili una mashimo 18. Kila shimo lina mahali pa kuanzia, ambapo wachezaji hupaita tii. Kisha kuna njia ndefu ya nyasi zilizokatwa, wanayoiita fewei. Na mwisho kuna grini, uwanda mdogo wa nyasi laini kama zulia, ambamo shimo lenyewe lenye upana wa milimita 108 limechimbwa. Nyasi za grini hukatwa zikabaki na urefu wa milimita 3 au 4. Chukua rula ya mwanafunzi uitazame milimita 4, kisha ufikirie mmea ulio hai ambao kila asubuhi hukatwa ukaachwa na urefu huo, chini ya jua la Januari, na bado unatakiwa upendeze. Mpwa wangu huniambia kwamba grini ni mgonjwa wa kudumu ambaye kila siku anatakiwa avae nguo za harusi.

Mchezo huu ulikulia Uskoti, juu ya mchanga wa pwani ambako kondoo walichunga nyasi na mawingu yakazinywesha. Tom Morris, aliyeutunza uwanja wa St Andrews kuanzia miaka ya 1860, anakumbukwa kwa imani yake katika mchanga: aliutandaza juu ya nyasi mara kwa mara ili ardhi iwe sawa na maji yapite. Maji yenyewe hayakumsumbua sana, kwani yalitoka juu. Klabu ya kwanza ya Nairobi ilipoanza mwaka 1906, mchezo ulihamia kwetu pamoja na sheria zake, mavazi yake na maneno yake. Mvua ya Uskoti haikuhamia nao. Tangu hapo kila mtunza nyasi wa nchi hizi amekuwa akitafuta badala yake.

Nyasi zenyewe, hata hivyo, ni zetu. Ukoka, ule ule unaotambaa kando ya barabara na kwenye makaburi, ambao wanasayansi huuita Cynodon dactylon, ndio nyasi kuu za viwanja vya nchi za joto. Wamarekani huuita nyasi za Bermuda, ingawa asili yake si kisiwa cha Bermuda. Huko Tifton, katika jimbo la Georgia, mtaalamu aitwaye Glenn Burton aliuchanganya ukoka huu na jamaa yake kutoka Afrika Kusini mwenye majani membamba sana. Kutokana na kazi hiyo zikapatikana aina za grini kama Tifgreen, iliyotolewa mwaka 1956. Uzao huu ni kama nyumbu: una nguvu lakini hauna mbegu. Hupandwa kwa vipande vya mashina, kama tupandavyo viazi vitamu. Basi Mwafrika huyu alivuka bahari, akasomeshwa, akarudi na jina la kigeni, na siku hizi hutunzwa kuliko nduguye aliyebaki kando ya barabara. Nimewajua watu wa namna hiyo pia.

Ukoka una hekima moja ambayo ndiyo kiini cha habari hii. Haukuumbwa kwa mvua ya kila siku. Maji yakikosekana, huacha majani yake yakauke, nao hurudi chini, kwenye mashina yanayotambaa ndani ya udongo, ukalala. Mtu apitaye husema umekufa. Mvua ikinyesha, huchipua tena katika muda usiozidi wiki mbili hivi. Lakini hekima hiyo huipata ukoka uliofundishwa. Ukinyweshwa maji kidogo kila siku, mizizi hubaki juu juu, kwa sababu haina haja ya kushuka. Siku pampu ikiharibika, ukoka wa namna hiyo hufa kweli. Ukinyweshwa vizuri mara moja, kisha ukaachwa siku kadhaa uone kiu, mizizi huyafuata maji yanakokwenda, chini. Mpwa wangu hakulisoma jambo hili katika kitabu. Alilijua kwa kuchimba. Kila wiki hukata kipande cha udongo kwa kisu, akakishika mkononi kama mtu ashikaye mkate, akapima mizizi kwa vidole.

Sasa nije kwenye kaskazi. Kwetu Pwani, upepo wa kaskazi huanza Desemba na huendelea hadi Machi. Ni majira ya jua kali na anga jeupe. Mvua za vuli zikiwa zimekuja vizuri, ardhi huingia katika kaskazi ikiwa na akiba. Zikikosekana, kaskazi hukuta ghala tupu. Mwishoni mwa mwaka 2020 mvua zilianza kukosekana katika sehemu kubwa za nchi, zikakosa msimu baada ya msimu hadi mwisho wa 2022. Mnamo Septemba 2021 Serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na Kilifi, Kwale na Tana River zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Mifugo ilikufa bara. Sisi wa mjini tuliuona ukame kwenye mabomba. Maji ya mfereji yalikuja mara moja kwa wiki, pengine usiku wa manane, pengine yasije. Mkokoteni wa mchuuzi wa maji ukawa ndio saa yetu ya asubuhi, na bei ya mtungi wa lita 20 ikapanda zaidi ya maradufu.

Tulibaki na visima. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya matumbawe, na visima vyake ni vya tangu mababu. Maji ya mvua hupenya matumbawe yakakaa chini ya ardhi juu ya maji ya bahari, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Tabaka hilo lina mizani ya ajabu. Kwa hesabu ya wataalamu, maji matamu yakishuka mita 1, maji ya chumvi yaliyo chini yake yanaweza kupanda hadi mita 40. Kwa hiyo mwenye pampu yenye nguvu hachoti maji tu. Huivuta bahari ije juu, kwake na kwa jirani zake.

Mnamo Januari 2022 kisima cha msikiti wetu kilianza kukolea chumvi. Wazee walikionja wakati wa kutawadha, wakatazamana. Mwisho wa mwezi huo chumvi ilifika katika visima vya nyumba zilizo karibu na ukuta wa uwanja wa gofu. Ng'ambo ya ukuta huo vinyunyizio vilisikika usiku kucha, vikitoa ile sauti yao ya tsi, tsi, tsi. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa. Barazani, chini ya mwembe, mama mmoja mwenye watoto wanne alisimama akasema maneno mafupi: "Mwalimu, sisi tunalala na mitungi mitupu, na majani yanalala yameshiba." Vijana wakapiga makofi. Mmoja akapendekeza twende usiku tukaikate nyaya za pampu. Kila mtu alijua ufunguo wa pampu ile uko mfukoni mwa nani, na kila mtu alikuwa na adabu ya kutonitazama usoni.

Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Hapa nyasi zilikuwa pande zote mbili. Mpwa wangu alikuwa na watoto watatu shuleni kwa mshahara wa uwanja ule, na vibarua wengine 11 walikula kwa kazi ile ile. Niliomba baraza linipe wiki tatu, nikaona kwa macho yangu na kupima kwa mikono yangu, kisha nirudi na hesabu. Walinipa. Mwalimu mstaafu bado ana mkopo kidogo kwa watu aliowafundisha kusoma.

Nikaanza kwenda uwanjani saa kumi na nusu alfajiri. Mpwa wangu alinipokea langoni, "Shikamoo, Mjomba," akanikabidhi spoki ndefu ya baiskeli. Hicho ndicho chombo chake cha kwanza. Spoki ikichomwa ardhini ikashuka kwa ulaini, pana maji, ikigoma, pamekauka. Tulizunguka grini zote kabla ya jua kutoka, tukichoma hapa na pale, naye akiweka vijiti mahali palipogoma. Kisha vijana wake walipeleka mpira wa maji kwenye vijiti tu, wakanywesha mahali penye kiu peke yake, kama muuguzi anayepita kitanda hadi kitanda. Kufungua vinyunyizio vyote kwa sababu ya madoa matano makavu, alisema, ni sawa na kuadhibu darasa zima kwa kosa la watoto watano. Mfano huo aliutoa kwa ajili yangu, na niliupokea.

Alinifundisha kuona kiu kabla haijawa madhara. Ukoka unaoanza kuona kiu huacha kung'aa, ukawa na rangi ya buluu iliyochanganyika na kijivu. Ukiukanyaga, alama ya kiatu hubaki, kwa sababu jani halina nguvu ya kuinuka. Hapo bado kuna saa kadhaa. Alinieleza pia kwa nini maji hutolewa alfajiri. Mchana jua na upepo hula sehemu yake kabla maji hayajagusa mzizi. Jioni, majani hulala yakiwa yameloa, na ukungu wa magonjwa hupenda kitanda cha namna hiyo. Katika saa saba mchana, siku za joto kali, grini hupewa manyunyu mepesi ya dakika chache, si kwa kunywa bali kwa kupoa, kama mtu anavyojipangusa uso kwa kitambaa chenye maji.

Tulifanya jaribio moja ambalo ningependa kila shule ilifanye. Tulikusanya makopo 24 ya maziwa ya unga yenye upana sawa, tukayapanga kwa mistari katika eneo la vinyunyizio vinne, tukafungua maji kwa dakika 20, kisha tukapima kina cha maji katika kila kopo kwa rula. Kama mambo yangekuwa sawa, makopo yote yangekaribiana. Kopo la kona ya mashariki lilikuwa na milimita 9, na la kati lilikuwa na milimita 3. Kinyunyizio kimoja kilikuwa kimezama na kuinama. Kingine mchanga ulikuwa umelipanua tundu lake, kikawa kinamwaga badala ya kunyunyiza. Tatu ya vipimo vile ndiyo iliyokuwa ikiamua mambo: ili sehemu ya kati ishibe, kona ilibidi izamishwe. Tulirudia jaribio uwanja mzima kwa siku nane. Mpwa wangu akainua vilivyozama, akabadilisha vilivyolika, na bila kuongeza tone moja akapunguza muda wa pampu kwa karibu theluthi moja.

Mambo mengine yalikuwa ya kisu na mchanga. Aliinua mashine za grini kutoka milimita 4 hadi 5. Milimita 1 hiyo ni robo ya jani zima, na jani refu kidogo hulisha mzizi mrefu kidogo. Alinoa visu kila siku ya pili, kwa kuwa kisu butu hurarua, na jani lililoraruka hupoteza maji. Alitoboa ardhi kwa vyuma vyembamba akatandaza mchanga, ili maji yaliyotolewa yashuke yasitiririke. Mbolea aliinyima kabisa, maana kumlisha mtu chumvi na wali mkavu wakati hakuna maji si ukarimu.

Baada ya hapo nikaketi na daftari kufanya hesabu. Ni hesabu ya darasa la sita. Maji yenye kina cha milimita 1 yakimwagwa juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Katika jua la kaskazi nyasi hupoteza kama milimita 4 kwa siku. Grini moja ya kawaida ina ukubwa wa kama mita za mraba 500, hivyo grini 18 ni mita za mraba 9,000. Zikirudishiwa milimita 4, ni lita 36,000, yaani mitungi 1,800. Fewei za uwanja wa mashimo 18 zinaweza kufika hekta 12, yaani mita za mraba 120,000. Hizo zikirudishiwa milimita 4, ni lita 480,000, yaani mitungi 24,000. Kila siku.

Nilizitazama tarakimu hizo mbili kwa muda mrefu. Grini ndizo zinazokatwa hadi kwenye ngozi, na ndizo zisizoweza kuachwa bila maji, lakini zinahitaji sehemu ndogo sana. Fewei, zilizopandwa ukoka unaojua kulala, ndizo zilizokuwa zikinywa karibu yote. Kwa maneno mengine, zaidi ya sehemu tisa katika kumi za maji yale hazikuwa zikiokoa uhai wa nyasi. Zilikuwa zikinunua rangi.

Mpwa wangu hakushangaa. "Mjomba," alisema, "hilo nalijua tangu siku nyingi. Lakini rangi ndiyo wanayoiona kutoka barazani, wakinywa chai." Meneja wa wakati huo alikuwa amemwambia waziwazi kwamba mwezi wa Februari kutakuwa na mashindano ya wageni, na kwamba mnyapara asiyeweza kuonyesha uwanja wa kijani anaweza kubadilishwa. Alinieleza hayo huku akifunga bomba, bila kuinua sauti. Nikamuuliza atafanya nini. Akasema, "Nitasema, kama nikiulizwa mbele ya watu."

Nikaandika barua kwa niaba ya kamati ya maji kuomba kukutana na kamati ya klabu. Walikubali, na nawashukuru kwa hilo. Tulikwenda watano, akiwamo yule mama wa watoto wanne. Niliomba ubao, nikaandika hesabu yangu, nikaeleza habari ya maji matamu yanayoelea juu ya chumvi. Nikasema kwamba kisima chao na kisima cha msikiti ni kisima kimoja chenye midomo miwili, na kwamba chumvi iliyofika kwetu iko njiani kuelekea kwenye grini zao. Mzee mmoja wa klabu akasema kwamba wanachama hulipa ada, nao hawalipi ili wacheze juu ya majani makavu. Ndipo mpwa wangu alipoulizwa.

Alisimama na kofia mkononi. Akatoa mfukoni picha aliyoikata katika gazeti la michezo miaka mingi nyuma, akaipitisha mezani. Ilikuwa picha ya mashindano makubwa ya Uingereza ya mwaka 2006, huko Hoylake. Uwanja mzima ulikuwa na rangi ya mkate uliookwa, kwa sababu kiangazi cha huko kilikuwa kikavu. "Hapa," alisema, "ndipo Tiger Woods aliposhinda. Ardhi ilikuwa ngumu, mpira ulibiringika mbali mno, hata akatumia fimbo yake kubwa mara moja tu katika siku zote nne. Hakuna aliyesema uwanja umekufa." Kisha akasema, "Fewei nikiziacha zilale, zitaamka. Nawaahidi. Kisima kikiingia chumvi, hakuna nitakachoweza kuamsha." Akaketi. Katika maisha yangu nimesikia hotuba nyingi za wahitimu, na chache sana zilizokuwa fupi na kweli kiasi hicho.

Makubaliano yalikuwa haya: fewei zisinyweshwe hadi mvua, pampu ifanye kazi saa tatu badala ya tisa, na bomba moja litolewe nje ya ukuta kila asubuhi kwa ajili ya maji ya kufulia na kuoshea vyombo, kwani kwa kupikia hayakufaa. Mashindano ya Februari yalifanyika juu ya uwanja wa rangi ya simba. Baadhi ya wanachama walinung'unika, na wachache wakahamia kwingine. Wengine walifurahi kuona mipira yao ikienda mbali kuliko nguvu za mikono yao.

Masika ya mwaka ule yalikuja haba na kwa kuchelewa. Machi yote na Aprili yote fewei zilibaki kavu, na mpwa wangu akakonda pamoja nazo. Ahadi aliyoitoa mbele ya watu ilikuwa imelala ardhini, na hakuna aliyeweza kuifunua aitazame. Kila wiki alichimba kipande cha udongo, akakwaruza shina kwa ukucha, akanionyesha ndani: jeupe, lenye unyevu kidogo. Hai. Mvua ya kutosha ilinyesha Mei. Siku ya kumi kutoka mvua ile, uwanja ulikuwa umepata rangi yake, isipokuwa njia za magurudumu ambako ardhi ilikuwa imeshindiliwa, nazo zilingoja hadi Julai. Kisima cha msikiti kilipungua chumvi polepole. Hakijarudia utamu wake wa zamani, na sitarajii kuuona katika siku zangu. Bahari ikishapewa njia husahau pole pole. Lakini wazee hutawadha bila kutazamana.

Nimeyaandika haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kumbukumbu. Nilikusanya vipimo vya makopo, saa za pampu na hali ya visima katika daftari tatu, na kijana mmoja wa kike aliyeajiriwa uwanjani baada ya kumaliza chuo huziendeleza kwa chombo cha kupimia chumvi, ambacho ni sahihi kuliko ndimi za wazee. Elimu ya mpwa wangu ilikuwa mikononi mwake tu. Elimu iliyo mikononi tu huzikwa na mikono hiyo.

Sababu ya pili inahusu kazi yangu mwenyewe. Katika chuo cha ualimu tulifunzwa kuandaa somo, kuuliza maswali na kusahihisha madaftari. Kisha kila mmoja wetu akaingia darasani akakutana na jaribu moja: kupendeza. Darasa linalojibu kwa pamoja hupendeza mkaguzi. Mtoto anayepewa jibu kabla hajahangaika hupendeza mzazi. Ni rahisi kunywesha kidogo kila siku na kuonyesha kijani kwa wapitao. Nimewaona wanafunzi waliokuwa wa kijani kila muhula, na siku mwalimu alipoondoka wakakauka. Nimewaona pia wale walioachwa waone kiu kwa kadiri, wakiangaliwa kwa karibu, wakasukuma mizizi yao chini mahali ambapo hakuna mkaguzi anayetazama. Tofauti kati ya kuwaachia na kuwatelekeza ni spoki ile ya alfajiri. Asiyekwenda kuchoma ardhi kila asubuhi hana haki ya kunyima maji.

Nawaza pia juu ya haki. Mara nyingi tukizungumza juu ya wenye nacho na wasio nacho, tunadhani lazima mmoja apoteze ili mwingine apate. Pengine ni hivyo. Lakini katika kiangazi kile, maji yaliyochukuliwa kwa jirani hayakuwa yakiufaa hata uwanja wenyewe. Yalikuwa yakiudhoofisha ukoka, yakikiharibu kisima, na yakimweka mtu mwaminifu katika hatari ya kupoteza kazi, yote hayo kwa ajili ya rangi inayotazamwa kutoka kwenye kiti cha barazani. Kabla ya kugombania kilicho kidogo, yafaa mtu achukue makopo na rula, akapime ni kiasi gani kinachohitajika kwa uhai na kiasi gani ni cha macho.

Mpwa wangu anakaribia kustaafu. Nilimuuliza juzi atakachokifanya nyumbani kwake, penye kiwanja kidogo mbele ya mlango. Akasema atapanda ukoka wa kando ya barabara, ule usio na jina la kigeni, na maji atauachia Mungu.